Wageni wa sikukuu Dar: jinsi ya kuchagua pa kula bila familia kununiana

Mi nakaa Tabata na kila sikukuu ikikaribia simu inaanza kuita, wifi yuko Dodoma, mdogo wangu yuko Moro, wote wanasema tunakuja Dar wikiendi hii utupeleke kula sehemu nzuri. Zamani walikuwa wanajiuliza mara mbili kwasababu ya basi, ila tangu treni ya SGR ianze 2024 mtu anaamua Alhamisi jioni, Ijumaa yuko mlangoni na watoto watatu na mama mkwe na begi la karanga. Sina shida na wageni. Shida ni hayo maneno mawili, "sehemu nzuri".

Sehemu nzuri nilikutana nayo Jumatatu moja ya Pasaka. Nilikuwa nimeiona insta, vitambaa vyeupe mezani, bahari kwa nyuma, nikawapakia watu tisa kwenye gari mbili mpaka huko Masaki. Tumefika saa nane kasoro, mlangoni nyomi, tukaambiwa subirini kidogo, kidogo ikawa dakika arobaini, tukapewa meza mbili na katikati yake kuna meza ya watu wengine kabisa wanaosherehekea birthdei, oda imechukuliwa saa tisa, samaki wamekuja saa kumi na dakika kumi na kuku hawakuja mpaka leo. Mtoto wa wifi alishalamba tomato sosi yote kwenye chupa akalala kichwa kwenye sahani tupu. Bili ilivyokuja baba watoto kaisoma, kavua miwani kaifuta, kaisoma tena. Mama mkwe hakulalamika hata, alisema tu kwa upole, "Kumbe huku kwenu Kwaresma bado haijaisha."

Hiyo sehemu siitaji na wala sio mbaya, siku ya kawaida huenda wanapika vizuri tu. Kosa lilikuwa langu, nilichagua jina la mgahawa kabla sijachagua mtaa na saa. Sasa hivi nafanya kinyume, jina linakuja mwisho, na tangu hapo sijanuniwa tena (isipokuwa mara moja, ntaisema huko chini).

Hatua ya 1: chagua upande wa mji kwanza

Chukua karatasi andika kila siku mtakuwa wapi saa saba mchana na saa moja usiku. Basi, hizo mbili tu. Asubuhi watu wanakula walikolala, na saa kumi jioni wanatafuna chochote kinachopita, ila saa saba na saa moja ndo saa ambazo familia inageuka kuwa bunge. Ukishajua mtakuwa wapi hizo saa, mgahawa unautafuta ndani ya huo upande peke yake hata kama kuna mtu kakusifia sehemu tamu vipi upande wa pili. Kutoka Mbezi Beach mpaka Posta Jumapili alfajiri ni mwendo wa nyimbo nne tano, Idd pili saa kumi jioni mtasikiliza redio mpaka taarifa ya habari iwakute mmeganda makutano ya Morocco na mtoto anataka kukojoa.

Kwangu mimi Dar ya mgeni ina pande tano. Kuna mjini, yaani Posta, Kisutu, Upanga na Kariakoo. Kuna peninsula, Masaki Msasani Oysterbay na ufukwe wake wa Coco. Kuna Sinza, Mwenge na Mlimani. Kuna kwenda juu, Mbezi Beach mpaka Kunduchi. Halafu ng'ambo, Kigamboni. Siku moja upande mmoja, ukizidi sana pande mbili zinazopakana.

Tuseme mnawapeleka watoto Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert, mchana mnakula Kisutu au Upanga ambako ni karibu na vyakula vya Kihindi vimejaa, vya nyama na vya wasiokula nyama kabisa, na kama mna nguvu mnabaki mjini mpaka giza maana kona ya Libya na Morogoro Road kuna Mamboz, kuku wao wa mkaa anajulikana mpaka mikoani, mnakaa nje moshi unawapulizia na hakuna mtu anajali watoto wanapiga kelele. Hapohapo mjini kuna Chef's Pride mtaa wa Chagga, ya siku nyingi, chakula cha kawaida cha kushiba. Kama mpango ni Kijiji cha Makumbusho, kile chenye nyumba za makabila Bagamoyo Road, msirudi mjini, Mwenge na Sinza ziko palepale na Mlimani City haiko mbali kama kuna mvua au kuna mtoto kaapa atakula pizza tu. Kama ni Kunduchi kwenye maji basi kuleni Mbezi Beach. Kama ni Mbudya chakula ni kisiwani hukohuko, samaki na chipsi, na ukishuka kwenye boti agiza kabla hujatandika khanga, kwasababu boti nzima inaenda kuagiza muda huohuo na samaki hawachomwi kwa haraka zako. Maji ya kunywa bebeni kutoka bara.

Upande wa peninsula kuna kitu kimoja wageni wengi hawakijui na wanalipia vibaya. Jua linazama upande wa ghuba ya Msasani, kule Slipway, Coco wanaangalia mashariki, kwahiyo ukitaka zile picha za jua jekundu majini na glasi ya juisi mkononi nenda Slipway au zile sehemu za kando ya ghuba kama Cape Town Fish Market, kaa saa kumi na moja na nusu kabla meza za mbele hazijaisha. Ukienda Coco kutafuta machweo utapiga picha ya mawingu.

Kigamboni naipenda, fukwe nzuri na sehemu nyingi bei haziumi kama Masaki, ila sikukuu kurudi ndo kazi. Foleni ya magari kwenye pantoni jioni ya Idd ni kitu kingine. Mwenye gari apite Daraja la Nyerere, analipia lakini anapita. Msio na gari pandeni basi la mwendokasi mpaka Kivukoni, pantoni iko hapohapo, watoto wataifurahia kuliko chakula chenyewe, ng'ambo mnachukua bajaji. Ila hakikisheni saa kumi mko njiani kurudi.

Hatua ya 2: ni sikukuu ipi?

Sikukuu zote hazilingani. Pasaka ndo wikiendi ndefu ya uhakika, siku nne kuanzia Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu. Hizi nyingine kama Muungano 26 Aprili, Mei Mosi, Saba Saba na Nane Nane zinaangukia popote zinapotaka na zikiangukia Jumapili imekula kwetu. Idd inategemea mwezi, kwahiyo ukiongea na watu wa mgahawa usitaje tarehe, sema Idd mosi au Idd pili, mkubaliane kabisa mwezi ukisogea na meza inasogea, usije ukaambiwa advansi yako ilikuwa ya jana.

Ijumaa Kuu sehemu za samaki zinajaa kuliko siku yoyote maana Wakatoliki hawagusi nyama. Idd mosi mchana ni shida tofauti, wenyewe wanakula pilau nyumbani kwao na migahawa mingi ya Kisutu na Kariakoo inafungwa au inafungua jioni, halafu jioni mji mzima unatoka kwa pamoja na nguo mpya. Mi Idd mosi mchana siendi popote, napika au naalikwa, jirani yangu ashaniambia sahani yangu ipo. Saba Saba ikiwa imekolea usipange meza upande wa barabara ya Kilwa, maonesho yanabeba njia yote, kuleni kabla ya kuingia au kubali bei za humo ndani.

Halafu mama ntilie. Watu wanakuambia mgeni wangu mpeleke mama ntilie wa Posta, wali nazi na samaki, kweli kabisa, ila Posta sikukuu ofisi zimefungwa na wale kina mama wanapikia watu wa ofisi, utakuta masufuria yamefunikwa. Mama ntilie ni wa Jumamosi ya kawaida, na wa mtaani kwako.

Kuna suala la mvua pia. Pasaka mara nyingi na Muungano kila mwaka ziko ndani ya masika. Jangwani ikijaa Morogoro Road inakatika pale bondeni na mwendokasi zinasimama, sasa kama mmelala Kimara na meza mmeweka Kisutu ndo mmeshapoteza siku. Aprili nachagua sehemu yenye paa la kweli, makuti ni mazuri kwenye picha ila nimewahi kula supu ikiongezeka yenyewe.

Hatua ya 3: hesabu midomo

Hapa ndo ile mara moja niliyonuniwa. Wifi wa pili kaolewa na Mwislamu, tukaenda baa moja ya nyama choma Sinza, nzuri, imechangamka, tukakaa, shemeji akawa anaangalia tu jiko, mpaka nikagundua kwamba kitimoto na mbuzi wanachomwa jiko moja na kisu ni kilekile. Hakusema kitu, akanywa soda mbili. Kosa langu tena. Kama kuna Mwislamu hata mmoja kwenye msafara uliza waziwazi kama jiko la kitimoto liko pembeni, au nenda sehemu ambayo haipiki kabisa, Dar hizo ziko kibao na hakuna anayekosa kitu.

Wengine ni wepesi. Wenye sukari na presha wanataka mboga za majani na samaki wa kuchoma, ugali mdogo, hivyo bafe zinawafaa maana wanachagua wenyewe. Watoto wadogo tatizo lao ni pilipili, na Kisutu kuna vyakula ambavyo mhudumu akikuambia "haina pilipili" anamaanisha yeye haoni, onja wewe kwanza. Wazee tatizo lao ni ngazi na muziki, mama mkwe hawezi kupanda ghorofa ya pili kula hata kama chakula kinatoka mbinguni.

Halafu kila familia ina yule mmoja, haijalishi umri, ambaye ni chipsi mayai tu. Usigombane naye sikukuu. Muulize mgahawa kama wana chipsi, kama hawana mpitishe kibandani mtaani mapema ale zege lake, aje mezani anywe juisi. Amani.

Kama kundi ni kubwa na halielewani, chakula cha Wahabeshi kinaokoa sana, sinia moja injera (mkate wao mwembamba laini) imetandazwa na mboga na nyama zimepangwa juu, wote mnachovya kwa mikono. Addis in Dar ni wa miaka mingi kwa hicho. Watoto wanafurahi kuambiwa leo kijiko hakuna.

Hatua ya 4: hela, meza kubwa moja kwa siku

Watu wanafilisika sikukuu kwasababu wanakaa mezani mara tatu kwa siku. Kaeni mara moja. Chagueni, ni mchana au ni usiku, hiyo ndo meza kubwa yenye menyu na mhudumu na picha, vingine vyote viwe vidogo, supu na chapati asubuhi, mihogo jioni, vitumbua vya kupitia njiani.

Tuseme mko sita, mna laki tatu ya kula kwa siku tatu. Laki moja kwa siku. Elfu sitini iende meza kubwa, yaani elfu kumi kwa kichwa na kinywaji humohumo, elfu arobaini igawane asubuhi na yale ya mkononi. Sasa hapo hesabu yenyewe inakuambia ukweli, elfu kumi kwa kichwa utakula ukashiba Kariakoo au Sinza, kwenye peninsula sehemu nyingi itaishia kwenye juisi na kianzio. Kwahiyo mi nachukua siku mbili za elfu sita kwa kichwa huku mitaani ili siku ya tatu nipeleke watu sehemu ya elfu kumi na nane, moja, ile wanayotaka kuposti. Jumla ni ileile.

Bei za menyu zisome mpaka chini kwa maandishi madogo. Kuna sehemu wanaandika bei bila VAT, na VAT ni asilimia 18, kuna wengine wanaongeza na ya huduma. Kwenye bili ya laki mbili hiyo ni hela ya bajaji ya wiki. Uliza tu "bei hizi ni pamoja na VAT?" hakuna aibu hapo.

Hatua ya 5: piga simu, na usikubali "njooni tu"

Hii hatua ndo inayookoa, na watu wanairuka. Piga katikati ya wiki, saa kumi jioni hivi, mchana wanakimbizana na sahani hawatakusikiliza. Mazungumzo yangu ya mwisho yalikwenda hivi:

"Habari kaka, naulizia meza Jumapili ya Pasaka, tuko tisa, wakubwa sita watoto watatu."

"Karibu sana dada, njooni tu, nafasi zipo."

Hiyo "njooni tu" ndo iliyoniua mwaka ule. Nikaendelea.

"Asante. Siku hiyo mna menyu ya kawaida au bafe?"

Kimya kidogo. "Siku hiyo ni bafe dada."

"Bei gani kichwa, na watoto je?"

"Subiri nimuulize meneja."

Karudi na bei, na kumbe watoto chini ya miaka mitano bure na kuanzia hapo nusu, na kumbe kuna bendi na baada ya saa kumi na mbili kuna kiingilio mlangoni. Hayo yote hayakuwepo kwenye ile "njooni tu". Sasa niliyajua nikiwa nyumbani nimekaa na karatasi yangu, badala ya kuyajulia getini na mama mkwe kashashuka kwenye gari.

Maswali yangu ya simu siku hizi ni haya: menyu au bafe, watoto wanalipaje, kuna kiingilio, muziki unaanza saa ngapi na spika ziko upande gani, meza itakuwa moja au mtatugawa, paking iko ndani au ni ya barabarani, choo kiko chini au ghorofani, kama tunakuja na keki mnatoza. Ukiwa na oda inayochelewa kama kuku mzima au mbuzi, sema kabisa kwenye simu tuanzieni kuku watatu saa tano na nusu, sisi saa sita tumefika. Wengi wanakubali ukiwatumia advansi, na advansi usitume kwa namba ya mtu, omba lipa namba ya biashara, jina likitokea kwenye simu yako liwe la mgahawa. Halafu mwandikie yuleyule uliyeongea naye meseji ya WhatsApp, "Kaka kama tulivyoongea, Jumapili saa sita, watu tisa, meza moja, bafe bei kadhaa", akijibu tu "sawa dada" piga skrinishoti. Hiyo skrinishoti ishawahi kunipa meza mbele ya watu ishirini waliosimama.

Saa ya kwenda? Saa sita kamili au saa tisa na nusu. Saa saba na nusu sikukuu waachie wengine.

Hatua ya 6: mkifika

Kabla watu hawajakaa, mtu mmoja aende chooni. Sio utani. Choo kikiwa na maji na sabuni saa sita mchana, jikoni nako kuna mtu anaangalia. Choo kikiwa kichafu tayari na siku bado changa, hamjakaa bado, ondokeni kwa adabu.

Oda ya nyama itoke kabla ya soda. Nyama choma inauzwa kwa kilo na kuchoma kunachukua muda, kwahiyo mwenye mamlaka ya familia aende jikoni mwenyewe achague kipande, aone kinapimwa, aulize bei ya kilo, na asimamie kidogo pale kwenye mkaa maana ukishageuka kipande chako kinaweza kupata ndugu mwingine mwenye mifupa mingi. Ndizi na kachumbari zije mapema watoto waanze nazo. Samaki akiuzwa kwa ukubwa, "mkubwa, wa kati", sema nionyeshe na uniambie bei ya huyuhuyu. Bei ikishatajwa mbele ya mashahidi haipandi njiani.

Halafu mtu mmoja tu aongee na mhudumu. Watu tisa wakiagiza kila mtu kivyake na mmoja kabadilisha mawazo, yule dada atasahau kuku, na atakuwa na haki.

Mkimaliza lipeni mkiwa mmekaa, pitieni bili mstari kwa mstari, maji ya kunywa hasa, chupa zinazaana kwenye bili. Dai risiti.

Vya mkononi: Coco na Feri

Hizi mbili siweki kwenye meza kubwa, ila bila hizi mgeni hajafika Dar.

Coco jioni ya sikukuu ni watu mpaka barabarani, gari acha mbali au njooni na bajaji (na kumbuka Bolt bei zinapanda mno saa mbili usiku wakati wote wanaondoka pamoja, ondokeni saa moja au tembeeni mpaka mtoke kwenye ile nyomi ndo muite). Nendeni kwa ajili ya mihogo. Chagua kibanda ambacho mafuta yanachemka muda huo na mihogo inatoka, sio kile kilichorundika mihogo ya saa nane kwenye kioo. Anaitoa kwenye karai inachuruzika, anaipasua katikati kwa kisu mara moja na mvuke unatoka, ndani nyeupe inakatika kama mkate, anachukua kachumbari kwa vidole anaisukumia mle kwenye mpasuo, halafu anakuangalia na kijiko cha chachandu mkononi, "Pilipili?" Hapo kwa mtoto sema pembeni, weka pembeni kabisa, ukisema kidogo utajuta. Ukwaju wa baridi juu yake. Mishkaki ulizeni bei ya mmoja kabla hamjala, wanahesabu vijiti na watoto wa wifi wana tabia ya kuvitupa mchangani.

Feri ni ya asubuhi. Soko la samaki Magogoni, saa mbili saa tatu hivi, viatu vya kufunika maana chini kuna maji ya samaki, na mtoto mdogo mbebe. Samaki unanunua mwenyewe kwa wauzaji, angalia jicho liwe linang'aa na limejaa, funua shavu ndani liwe jekundu, bonyeza nyama irudi, akinuka sana muache hata kama bei inashuka ukiwa unaondoka, hasa ikishuka ukiwa unaondoka. Ukishampata unampeleka kwa wakaangaji wa hapohapo, wale wenye makarai makubwa na moto wa kuni, anakusafishia mtu mwingine, anakukaangia mwingine, kila mmoja na hela yake kwahiyo patana na wote wawili mwanzo. Changu watatu wa kati na chapati zenu kutoka nyumbani, mmekula sita. Pweza wa vipande kwa vijiti na supu yake kwenye kikombe ni ya wakubwa, baba watoto anasema inamsaidia, mi sijauliza inamsaidia nini.

Kwa waliolala Kimara au Ubungo hii ni rahisi, mwendokasi moja mpaka Kivukoni mwisho wa gari, mnatembea kidogo mko sokoni.

Siku ya kuondoka

Usiweke meza kubwa siku ya kuondoka. Treni haisubiri bili. Sikukuu ikiisha stesheni inajaa na kuna ukaguzi wa mizigo, kwahiyo kuleni saa nne nyumbani, chai nzito, na mfungashie kila mtu chake. Mwaka huu niliamka mapema nikapitia Coco na baba watoto kabla jua halijakuwa kali, kibanda kimoja tu ndo kilikuwa kinawasha mkaa, tukamsubiri yule kaka, tukachukua mihogo kumi tukaifunga kwenye foili, chachandu pembeni kwenye kichupa. Wifi kanipigia wamefika Moro, watoto wamelala, karanga zimeisha, na mama mkwe kagoma kumpa mtu mhogo wa mwisho.